Kiprotich Yupi?

"Kiprotich yupi?" Nanyama aliuliza, ufagio ungali mkononi.

Gerishon hakuinua uso. Alikuwa ameketi nyuma ya dirisha la getini, kwenye kiti ambacho Nanyama alikikalia miaka mingi mpaka mto wake ukabonyea. Mbele yake kompyuta ilikuwa ikiwaka herufi za kijani.

"Kiprotich, Mama. Yule mama amesema mzee ni mgonjwa sana, eti Kiprotich afike nyumbani haraka. Nimemwita, ameenda. Imeisha."

"Nimekuuliza ni wa nani. Huyo mama ametoka wapi?"

"Kwani mashine iko na mahali pa kuandika hiyo? Kiprotich ni Kiprotich. Wacha nifanye kazi."

Nanyama alitoka nje ya geti akaangalia. Yule mwanamke alikuwa ameshafika mbali, shuka begani, akikimbilia barabara kuu apate lifti. Alionekana mgongo tu. Angeliona uso wake, hata nusu yake, angelijua. Lakini asubuhi hiyo alikuwa kantini akiosha vikombe, maana ndiyo kazi waliyompa baada ya kumwondoa dirishani: vikombe, ufagio, na kunyamaza. Karani wa mishahara alikuwa amemwonya kwamba akionekana tena anaingilia kazi ya mashine, ataenda nyumbani. Akarudi ndani akafagia, na alifagia kwa hasira mpaka vumbi likaingia dirishani kwa Gerishon.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha magunia, nje kidogo ya mji wa Eldoret, upande wa kwenda Langas. Waliofanya kazi humo walikuwa zaidi ya elfu, usiku na mchana, na wote walitoka ndani wakiwa weupe kwa vumbi la katani, kofia zimewafika masikioni, huwezi kumtofautisha huyu na yule. Kila siku ndugu zao walikuja getini kuwatafuta. Hawakuja na namba za kazi. Walikuja na shida. Mama anakuja na kuku kwapani, anasema, "Namtaka kijana wangu." Basi Nanyama angeanza kuuliza: wa nani? Wa wapi? Ni yule anayecheka ovyo, au yule mwenye pengo? Alitahiriwa na kina nani? Swali la tatu au la nne, angemjua, na kabla kuku hajachoka kulia, kijana yuko getini.

Yeye mwenyewe alikuwa Mbukusu, mjane, mtu wa kuja. Watu wa hapa aliwajifunza polepole, kama mtu anavyojifunza njia za shamba asilolilima. Alijua kwamba Kiprotich ni mtoto aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani jioni. Sasa niambie, katika Uasin Gishu nzima, ni jioni gani ng'ombe hawarudi? Na ni boma gani ambalo jioni kama hiyo mwanamke hajajifungua? Ndiyo maana ukiita Kiprotich mle kiwandani, nusu ya watu waligeuka. Na Wakikuyu nao, wanaowapa watoto majina ya babu zao, walikuwa na Kinyanjui wao wa kutosha kujaza basi. Jina peke yake halikuwa kitu. Jina lilikuwa mlango tu, na ilikupasa ubishe, uulize ni nani aliye ndani.

Tusidanganyane, Nanyama hakuwa malaika. Alikuwa na mapendeleo yake. Aliyemsalimia vibaya alingoja juani. Na wapo waliokuja kumtafuta mtu kwa ubaya: hao aliwatazama viatu kwanza, kisha akawaambia mtu wao yuko zamu nyingine, au aliacha kazi, au hajawahi kumsikia. Hakuwahi kumweleza mtu alivyoamua. Meneja alisema hiyo si kazi, huo ni umbea. Alisema mama huyu anauliza maswali mengi na foleni inafika barabarani. Ndipo ikaletwa kompyuta, pamoja na Gerishon wa kuiendesha, kijana wa shati jeupe aliyesomea Nairobi. Kompyuta haikuuliza swali hata moja. Uliandika jina, ikatoa mtu wa kwanza iliyemwona.

Mtu wa kwanza iliyemwona siku hiyo alikuwa Kiprotich wa Cheptiret, yule mrefu mwenye pengo. Alitoka mbio na aproni yake kiunoni, akalia njia nzima, na alipofika boma kwao akamkuta baba yake amechuchumaa anakamua ng'ombe. Mzee alipoelezwa kwamba ameliliwa akiwa hai, alikasirika hata akaikataa chai.

Mgonjwa alikuwa kwingine. Alikuwa Ainabkoi, mzee Arap Maiyo, baba ya Paul Kiprotich, kijana mpole wa kitengo cha kufuma ambaye siku zote alimletea Nanyama viazi vya kwao. Paul aliendelea kufuma magunia siku hiyo yote, Alhamisi, na Ijumaa pia. Ijumaa jioni mzee alikata roho akiwa anauliza kama huyo anayesikika mlangoni ndiye Kiprotich. Jumamosi wakamzika. Jumapili, Paul akitoka kanisani Langas, jirani mmoja alimshika mkono akamwambia, "Pole sana kwa mzee." Ndivyo alivyojua. Kwa pole ya barabarani!

Jumatatu alfajiri, zamu zikibadilishana, alirudi. Kando ya geti palikuwa na jiwe kubwa ambalo wageni walikaa wakingojea watu wao. Paul akapanda juu yake. Nanyama alikuwa hapo hapo anafagia. Aliona kofia ya kazi imeshushwa mpaka kwenye nyusi, na chini ya ukingo wake ngozi tupu, iliyotoka kunyolewa. Wanaofiwa na baba huku hunyoa. Hapo ndipo alipojua ni nani aliyekuwa akiitwa siku ile.

"Nyinyi!" Paul alipaza sauti, na watu wakasimama. "Baba yangu ameniita na mtu mwingine ameenda! Baba ya mwenzangu analiliwa akiwa anakamua, na wangu anafunikwa udongo mimi niko hapa nawashonea watu magunia! Nikiuliza, naambiwa Kiprotich ni Kiprotich. Na kwani ni hapa tu? Juzi hatukupanga foleni nyuma ya picha za wakubwa, eti tunapiga kura? Foleni ndefu ikashindwa na fupi, na macho yetu yakiona! Sisi kwao ni hesabu tu, na hata hesabu yenyewe hawaijui!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwaka ule watu hawakupigia makofi maneno kama hayo. Kuna aliyekohoa, kuna aliyejifanya anafunga kamba za viatu. Nanyama alimshika mguu wa suruali.

"Shuka, mwanangu. Kuna masikio hapa."

"Wacha yasikie, Mama."

"Shuka, nakuomba."

Akashuka, akaingia kazini. Na masikio, kwa kweli, yalikuwa yamesikia.

Land Rover ilifika Jumatano baada ya chai ya saa nne. Wanaume watatu walishuka, hawana sare, na Nanyama aliwatazama viatu kama ilivyokuwa desturi yake. Vilikuwa vinang'aa. Mtu aliyetembea Eldoret wakati wa kiangazi na viatu vyake vinang'aa hajatembea, ameletwa. Mkubwa wao, aliyevaa koti la kaki, aliingia kwa meneja bila kubisha. Baada ya muda meneja akatoka kumwita Nanyama, na sauti yake ilikuwa laini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake.

"Mama Nanyama, weka ufagio chini. Kuna mtu alisimama kwenye jiwe Jumatatu akatukana serikali. Hawa wazee wameambiwa anaitwa Kiprotich, basi. Wewe ulikuwa pale."

"Watu walikuwa wengi, Mzee."

"Wewe unawajua watu wote." Akasogea karibu. "Sikiliza, mimi nimekuwa nikifikiria. Ile kazi ya dirishani inataka mtu kama wewe. Mashine itabaki kwa mambo ya mishahara. Kiti ni chako, hata leo. Unionyeshe huyo mtu tu."

Kusema kweli, roho yake iliruka. Miezi yote hiyo ya vikombe alikuwa akiota siku ambayo mtu angekuja kumwambia, tunakuhitaji, tutafutie mtu. Na siku hiyo ndiyo hii! Ndiyo hii, na walimtaka atafute kwa ajili ya hawa! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Mama wa watu alipokuja getini na habari za mgonjwa, hawakumhitaji. Mzee alipokuwa anakata roho, hawakumhitaji. Walimhitaji leo, palipotakiwa mtu wa kufungwa.

"Si muulize mashine kwanza," akasema. "Ndiyo inayojua."

Basi Gerishon akaamriwa atoe majina. Mashine ya kuchapa ikakereza, karatasi ndefu yenye matundu pembeni ikashuka mpaka sakafuni, na wale askari wasio na sare wakaenda nayo ndani ya kiwanda wakiita. Mashine za kufuma zilizimwa moja baada ya nyingine. Kiprotich wakaanza kutoka. Wakatoka wengine, na wengine, mpaka foleni ikatoka kwenye mlango wa stoo ikafika kwenye matangi ya maji, wote weupe kwa katani, wote kofia masikioni. Paul alikuwa karibu na katikati. Alitazama mbele yake.

"Ni nani alisimama kwenye jiwe?" mwenye koti akauliza.

Akatembea huku na huku, kisha akakumbuka jambo.

"Alisema amefiwa na baba. Karani, ni nani kati ya hawa aliitwa nyumbani kwa ajili ya baba yake wiki jana?"

Gerishon akatazama karatasi. "Ni... ni Kiprotich wa stoo ya nyuzi, afande."

Wakamvuta Kiprotich wa Cheptiret kwenye foleni, yule mrefu.

"Kumbe ni wewe?"

"Afande, baba yangu yuko hai! Hata leo asubuhi amekunywa chai!"

Kofi likalia. Kofia ikaanguka, na kichwa chake kikaonekana kimejaa nywele, lakini wale watu hawakuwa wa huku, nywele hazikuwaambia kitu. Kofi la pili likalia. Kijana akatema damu kupitia lile pengo.

Nanyama aligeuka akamtazama Gerishon. Hakupaza sauti sana, lakini uwanja mzima ulisikia.

"Gerishon, sema. Unajua. Sema!"

Kwa mara ya kwanza tangu aje, shati jeupe la Gerishon lilionekana limemzidi mwili.

"Mashine ilikosea, afande," akasema chini kwa chini. "Hapana, ni mimi. Ni mimi nilimwita huyu. Ujumbe ulikuwa wa Kiprotich mwingine."

"Kiprotich yupi?" mwenye koti akafoka.

Ndilo swali lile lile! Nanyama alitaka kucheka na kulia pamoja. Hatimaye kuna mtu aliyeliuliza, na ni huyu!

"Sijui," Gerishon alijibu. "Sikuuliza."

"Huyu mama anawajua," meneja akaharakisha kusema. "Anawajua hata baba zao. Mama Nanyama, pita."

Akapita. Alianzia kwenye stoo, akaenda taratibu, akimtazama kila mmoja usoni kama alivyoagizwa. Na alimjua kila mmoja, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Huyu ni wa Arap Lagat, mama yake anauza maziwa. Huyu ni wa Kaptagat, alikuja kiwandani bila viatu. Huyu ni yatima. Alipofika kwa Paul aliona jasho likitiririka kutoka chini ya kofia, likichora njia kwenye vumbi la shavu. Mtu yeyote wa Ainabkoi angeinyanyua kofia hiyo kwa kidole kimoja na mambo yangekwisha. Hakupunguza mwendo, wala hakuuongeza. Akafika kwenye matangi, akageuka.

"Afande," akasema, "huyo mnayempiga mumwache. Baba yake ni mzima, nendeni Cheptiret mkamwone. Asiye ndiye, ninamjua."

"Na aliye ndiye?"

"Huyo sasa simjui." Alimtazama meneja, si askari. "Mimi nilikuwa na kazi hapa ya kuuliza ni Kiprotich yupi. Nikaondolewa, nikaambiwa nauliza sana, Kiprotich ni Kiprotich. Nimekaa na vikombe nikifikiria hayo maneno, Mzee, na nimeyaamini. Hawa wote ni Kiprotich."

Mwenye koti alimkaribia Nanyama mpaka akasikia harufu ya sigara yake.

"Basi nitawabeba wote."

"Wote?" Meneja alishtuka kweli kweli. "Afande, mavuno yanakuja. Magunia ya serikali yenyewe yako kwenye mashine. Ukibeba hawa wote, ni nani atafuma?"

Hapo ndipo Nanyama alipouona ukweli wote jinsi ulivyo mchafu. Kiprotich mmoja hakuwa na thamani ya swali moja. Kiprotich wote pamoja wakichukuliwa, kiwanda kinasimama.

Mwenye koti alitema mate chini. Akasema kesho asubuhi atarudi na mtu anayeyajua mambo, na kwamba mama huyu naye ataongea tu, hata miti huongea ikipigwa shoka. Land Rover ikaondoka. Mashine zikaanza kunguruma tena. Meneja hakusema mengi. "Ufagio uache hapo hapo," alimwambia, na ndivyo kazi yake ilivyokwisha.

Hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye jiwe la wageni mpaka zamu ya mchana ikatoka. Watu walimpita bila kumtazama, ila mmoja mmoja, wakipita, walimgusa bega. Paul alikuja wa mwisho. Akachuchumaa mbele yake akijifanya anafunga kiatu.

"Mama, leo leo naondoka. Kuna mjomba wangu yuko—"

Nanyama alimziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie."

"Mama, nataka mtu mmoja ajue. Wewe ndiye unajua watu wako wapi."

"Ndiyo maana usiniambie. Mimi nikijua, watakupata hapa ndani." Alijigonga kifua. "Nenda. Usiniage hata."

Akaenda. Nanyama aligeuza uso ukutani asije akaona Paul amekata kona gani.

Walimchukua Nanyama kesho yake, kama walivyoahidi. Aliporudi nyumbani kwake Langas alikuwa akichechemea, na kidole kimoja cha mkono wa kulia hakikukunjika tena. Walimpa Biblia aape kwamba hajui kijana alikokwenda, akaapa, na Biblia yenyewe haikuwa na neno naye, kwa kuwa alisema kweli.

Mvua zilipoanza alikuwa akichoma mahindi kando ya jiwe lile. Meneja alijaribu kumfukuza mara moja, lakini nje ya geti ni barabara ya watu wote. Waliotafuta ndugu zao bado walikwenda dirishani kwanza. Gerishon aliwasikiliza, akaandika, akatazama herufi zake za kijani, kisha akawa akitoa mkono nje ya dirisha kimya kimya na kuwaonyesha jiwe. Siku nyingine alijaribu kuuliza mwenyewe ni wa nani. Alikuwa akijifunza, lakini Nanyama alikuwa bado hajamsamehe.

Jioni moja mtu alisimama mbele ya jiko lake.

"Namtafuta Kiprotich," sauti ya mama ilisema.

"Wa nani?" Nanyama aliuliza kwa mazoea, huku akigeuza hindi.

"Wa Arap Maiyo."

Ndipo alipoinua kichwa. Ndiye yule aliyemwona mgongo tu akikimbilia barabara kuu, na sasa aliuona uso. Ulikuwa uso wa Paul, umezeeka tu. Shuka lilikuwa lile lile.

"Naitwa Jelagat," mama alisema. "Nilikuja hapa siku ile baba yake akiwa mgonjwa, nikakosea dirisha. Watu wameniambia kuna mama hapa nje, eti yeye hakosi mtu. Mama, mtoto wangu yuko wapi?"

Nanyama angeweza kusema ni salama. Hakujua kama ni salama.

"Sijui, Mama Jelagat," akasema. "Alitaka kuniambia. Nilimziba mdomo."

Mama Jelagat alimtazama mkono ule, kidole kile kisichokunjika. Alikitazama muda mrefu. Nanyama akasogea, akampa nafasi kwenye jiwe, akamkatia hindi nusu, nao wakakaa.

Ng'ombe wa watu wa Langas walikuwa wakirudi kutoka malishoni, wakipita kando ya ua wa kiwanda, mmoja mmoja, matope magotini. Mama Jelagat alilishika hindi bila kulila. Kila ng'ombe alipopita, mama alitazama nyuma yake kama kuna mtu anayefuata. Wa mwisho alipopita, naye bado alikuwa akiitazama barabara.